Pasi ya reli si mwisho wa hesabu: barua kwa wanaokwenda Ulaya wawili wawili

Mhariri,

Katika makala ya safari mliyochapisha wiki mbili zilizopita, mwandishi aliwashauri wanaotaka kuizunguka Ulaya kwa treni wakiwa na fedha kidogo wanunue pasi ya reli, akieleza kwamba mwenye pasi hupanda treni yoyote aitakayo bila kutoa senti nyingine. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nilisahihishe jambo hilo. Mimi na rafiki yangu tuliliamini mwaka 2022 na likatugharimu. Tuliporudi mwezi Mei 2024 tulipanga safari kwa njia nyingine kabisa, tukakaa siku 19, na fedha za akiba tulizokuwa tumeziweka kando zikarudi kama zilivyokwenda. Naandika kwa kuwa najua wapo wasomaji wako ambao wameshaanza kudunduliza kwa ajili ya safari kama hiyo, na wengi wao wataondoka wawili wawili, kama sisi.

Kwanza ieleweke kuwa pasi zenyewe ni mbili. Eurail, iliyoanza mwaka 1959, huuzwa kwa watu wanaoishi nje ya Ulaya. Interrail, iliyoanza mwaka 1972, huuzwa kwa wakazi wa Ulaya. Zote hutumika katika nchi 33, na zote humpunguzia bei msafiri ambaye hajatimiza miaka 28. Kinachoangaliwa ni makazi wala si uraia, na hapo marafiki wengi hujikwaa. Mwenzangu alikuwa akisoma Ubelgiji na mimi nilitoka nje ya Ulaya, kwa hiyo tulikaa viti vinavyopakana tukiwa na pasi tofauti, na yake ikambana ndani ya Ubelgiji kwenyewe, kwa sababu mkazi haruhusiwi kuzunguka na Interrail katika nchi anamoishi apendavyo, bali huitumia kwa safari ya kutoka na ya kurudi tu.

Hilo ni dogo. Kubwa ni ada ya kuweka nafasi. Pasi hulipa nauli, lakini kiti hakimo ndani yake. Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi na Ubelgiji, treni nyingi hazimlazimishi abiria kuweka nafasi, na huko mwenye pasi hupanda na kukaa penye kiti kitupu. Ufaransa, Italia na Hispania mambo ni mengine: treni za mwendo kasi zinadai nafasi iliyolipiwa, kwa kawaida euro 10 hadi 20 kwa mtu mmoja kwa safari moja ndani ya nchi, na treni inayopita chini ya bahari kati ya Paris na London hudai euro 30 au zaidi. Isitoshe, katika baadhi ya treni hizo viti vya wenye pasi vimewekewa idadi. Vikiisha, treni inaweza kuondoka na viti vitupu ilhali wewe umesimama jukwaani na pasi yako mkononi. Sisi tulizichagua nchi hizo hizo tatu, tena mwezi wa Julai, wakati watu wa huko nao wako likizoni. Siku ya nne niliketi juu ya zile ngazi 104 zinazoshuka kutoka stesheni ya Marseille Saint-Charles kuelekea mjini, nikatoa stakabadhi zote mfukoni na kuzijumlisha. Tulikuwa tumelipa euro 90 za ada peke yake, juu ya bei ya pasi, na sehemu kubwa ya safari ilikuwa bado mbele. Mwenzangu aliangalia jumla ile akaniuliza kama nimekosea mahali. Sikuwa nimekosea.

Funzo la pili lilikuja siku chache baadaye. Ili tusimalize siku za kusafiri zilizohesabiwa katika pasi, tulikata tiketi ya kawaida kwa kipande kimoja cha njia na tiketi nyingine, ya kampuni nyingine, kwa kipande kilichofuata. Treni ya kwanza ilichelewa dakika 75 na ya pili ikatuacha. Karani wa dirishani, tena kwa upole, alitueleza kwamba kila tiketi inasimama peke yake na kwamba kampuni yake haikuwa na deni nasi, tukalazimika kukata tiketi mpya kwa bei ya siku ile ile, ambayo ndiyo bei mbaya kuliko zote. Kanuni za Umoja wa Ulaya humpa abiria fidia ya robo ya nauli treni inapochelewa dakika 60 hadi 119, na nusu ya nauli inapochelewa dakika 120 au zaidi, isipokuwa sababu ikiwa nje kabisa ya uwezo wa kampuni. Lakini haki ya kufikishwa mwisho wa safari huwa na nguvu pale safari nzima inapokuwa ndani ya tiketi moja. Anayekata tiketi vipande vipande ili aokoe euro chache aache angalau saa moja na nusu kati ya treni na treni, na asifanye hivyo kamwe kwa treni ya mwisho ya siku.

Mwaka 2024, basi, hatukununua pasi. Tulitandaza ramani mezani tukakubaliana mambo mawili: nchi zipungue zibaki nne, yaani Ujerumani, Austria, Italia na Uswisi, na treni za mwendo kasi tuziache. Uamuzi wa pili ndio uliobeba safari yote, na ndio ninaotaka wasomaji wako waufikirie kabla hawajafungua tovuti ya kuuza pasi.

Kwa Ujerumani tulinunua Deutschlandticket, tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49. Bei imepanda tangu wakati huo, ikawa euro 58 Januari 2025 na euro 63 Januari 2026, lakini bado sijaona tiketi inayomfaa zaidi msafiri asiye na haraka. Humruhusu mtu kupanda treni za mikoa, treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi ya mijini nchi nzima, na huko Bavaria, jimbo la kusini, humvusha mpaka hadi Salzburg, Austria. Haikubaliwi katika treni za masafa marefu, yaani ICE na IC. Mnunuzi aangalie kalenda, kwa sababu tiketi hufuata mwezi, na anayefika tarehe 20 ataifaidi siku kumi tu. Aangalie pia kwamba huuzwa kama usajili unaojirudia: asiyeufuta kabla ya tarehe 10 ya mwezi hukatwa fedha za mwezi unaofuata. Mwenzangu aliandika tarehe hiyo nyuma ya kifuniko cha simu yake, na tarehe 8 Mei tukazifuta zote mbili kwa pamoja.

Kwa wanaopita Ujerumani siku moja au mbili tu, ziko tiketi za siku za majimbo, kama Bayern-Ticket ya Bavaria, ambazo naziona kama zilitungwa kwa ajili ya marafiki. Mtu wa kwanza hulipa bei kamili, na kila anayeongezeka, hadi watu watano, hulipa nyongeza ndogo. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi. Hapa kuwa wawili kunapunguza gharama kweli kweli, wakati pasi haina punguzo lolote kwa watu wazima wawili wanaosafiri pamoja.

Tulianzia Cologne, ambako ukitoka tu mlangoni mwa stesheni kuu unakutana na lile kanisa la minara miwili likiwa limekusimamia mbele. Kutoka hapo hadi Frankfurt, treni ya kasi hupita reli iliyofunguliwa mwaka 2002 na huchukua takriban saa moja, lakini sehemu kubwa ya njia hiyo hufuata barabara kuu ya magari na kukatiza mahandaki. Treni ya mkoa hufuata ukingo wa kushoto wa mto Rhine hadi Mainz, karibu saa tatu, ikisimama karibu kila kijiji. Tulikaa upande wa kushoto. Baada ya Koblenz mto ulikuja hadi chini ya dirisha letu, na matishari marefu yakawa yanapanda dhidi ya mkondo huku nguo za mabaharia zikiwa zimeanikwa nyuma ya chumba cha nahodha. Juu yao kulikuwa na mizabibu iliyopandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba nilijiuliza wavunaji hushika nini wasiporomoke, na juu ya mizabibu, ngome moja baada ya nyingine. Bonde hilo, lenye urefu wa kilomita 65, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka huo huo wa 2002. Abiria wa treni ya kasi hulipa zaidi na hawalioni.

Sitaki kumdanganya mtu kuhusu upande wa pili. Kutoka Mainz hadi Munich kwa treni za mikoa ni kazi ya siku nzima, kwa kubadilisha treni mara kadhaa, na treni moja ikichelewa mpangilio wote husogea. Tuliigawa njia hiyo kwa kulala Würzburg, na ningemshauri yeyote afanye vivyo hivyo. Mwenye siku tano tu asinifuate mimi. Njia hii ni ya mtu mwenye wiki mbili au zaidi, ambaye saa zake ni nyingi kuliko fedha zake.

Kati ya Salzburg na Vienna ziko kampuni mbili zinazoshindana tangu mwaka 2011, na anayekata mapema hupata nauli nzuri. Huko tuliulegeza uamuzi wetu, maana hatukuwa na sababu ya kujinyima mwendo. Kutoka Vienna tulilala relini hadi Venice, katika behewa la vitanda vya kupandana, euro 54 kila mmoja, tiketi tukiwa tumezikata wiki tisa kabla. Nauli hiyo ni ya safari na ya kitanda kwa pamoja, na watu wengi husahau kuitoa gharama ya hosteli wanapoilinganisha na treni ya mchana. Chumba kilikuwa na vitanda sita, vitatu kila upande, kila kimoja kikiwa na shuka lililokunjwa, mto na blanketi. Aliyelala juu kabisa hawezi kuketi wima; aliyelala chini huamshwa na kila anayekwenda msalani. Tulichagua vitanda viwili vya kati vinavyotazamana, tukaweka pasipoti na fedha ndani ya foronya.

Jambo moja kuhusu treni za usiku halitajwi vya kutosha. Treni inayoondoka Vienna si lazima ifike nzima mahali pamoja. Usiku hukatwa katika stesheni ya njiani, mabehewa mengine yakaenda mji huu na mengine mji mwingine. Mnamo saa sita usiku nilikuwa nimehamia behewa la mbele ili nichaji simu bila kuwasumbua waliolala, nikamwona mwenzangu anakuja mbio kwa soksi. "Rudi huku, ndugu yangu," aliniambia, "hilo behewa haliendi tunakokwenda sisi." Alikuwa ameamka, akaona kitanda changu kitupu, akakumbuka kibao kidogo tulichokisoma mlangoni jioni ile. Namba ya behewa iliyoandikwa kwenye tiketi ndiyo ya kufuata, na anayetoka behewani mwake usiku ahakikishe mwenzake anajua yuko wapi.

Venice yenyewe hatukulala kisiwani. Tulilala Mestre, ng'ambo ya daraja, mwendo wa dakika kumi hivi kwa treni, ambako vitanda ni nafuu. Tangu Aprili 2024 wageni wa siku moja hutozwa ada ya kuingia mji wa kale katika siku zilizotangazwa, iliyokuwa euro 5 mwaka ule, lakini anayelala ndani ya manispaa, na Mestre imo, hasamehewi kodi ya usiku ila husamehewa ada hiyo baada ya kujisajili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo makala za safari huliruka, nalo ni fedha za watu wawili. Mwaka 2022 tulikuwa tukilipa kwa zamu, leo mimi kesho yeye, kila mmoja akihesabu kichwani. Kadi yake haikuwa ikikatwa ada ya kubadilisha fedha, kwa hiyo hosteli zote alilipa yeye. Mimi nililipa vyakula na zile ada za nafasi. Wiki ya pili kila mmoja alikuwa anaamini kwa dhati kwamba anamdai mwenzake, na kutoka Milan hadi Lyon, zaidi ya saa nne, hatukusemezana ila kuhusu begi. Tumejuana tangu utotoni, na nilihuzunika kuona kwamba kilichotufikisha hapo ni fedha ambazo hata hazikufika euro 40.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Safari ya pili tulinunua daftari dogo lenye miraba na kibegi cha zipu. Kila asubuhi kila mmoja aliweka humo euro 45, na kutoka humo ndimo tulimolipia vitanda, chakula, maji, makabati ya kuhifadhia mizigo na hata vyoo vya stesheni, ambavyo mara nyingi ni vya kulipia. Tiketi za treni kubwa zilikuwa zimeshalipwa kabla ya kuondoka. Kilichobaki jioni kiliingia siku ya pili. Mtu akitaka kitu chake mwenyewe, kama mimi nilivyotaka kuingia jumba la makumbusho la pili mjini Vienna na mwenzangu hakutaka, alilipa mfukoni mwake na hakuulizwa. Siku 18 kati ya 19 kibegi kilitosha. Zürich kilishindwa, na tulijua kitashindwa.

Chakula tulikinunua katika maduka ya kujihudumia, mkate, jibini, nyanya na matunda, tukala ndani ya treni. Jumapili maduka hayo hufungwa Ujerumani na Austria, isipokuwa yale yaliyomo katika stesheni kubwa, ambayo huwa na foleni ndefu. Ununue Jumamosi.

Kipande cha mwisho ndicho kilichonifanya niamini kabisa treni ya polepole. Kutoka Milan tulipanda treni ya mkoa, saa mbili na nusu, kandokando ya ziwa Como, tukifika Tirano karibu na mpaka wa Uswisi. Hapo huanza reli ya Bernina, iliyokamilika mwaka 1910 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Huinuka kutoka mita 429 hadi mita 2,253 juu ya usawa wa bahari bila msaada wa gurudumu la meno la kuipandishia treni mlimani, na pale Brusio reli hujizungusha juu ya daraja la matao tisa na kupita chini ya daraja hilo hilo ili tu ipate kimo. Watalii wengi hulipia treni maalumu yenye madirisha makubwa yanayopanda hadi darini, na juu ya nauli hutozwa ada ya kiti. Treni ya kawaida ya wenyeji hupita reli ile ile na haina ada ya kiti. Baadhi ya madirisha yake hufunguka. Tuliliteremsha letu karibu na kilele, mwezi Mei, theluji ikiwa bado imelala kandokando ya ziwa la huko juu, na mwenzangu akatoa mkono nje akauacha hapo hadi vidole vikafa ganzi. Kwa kipande cha Uswisi tulikuwa tumekata tiketi za nauli nafuu mapema, ambazo ni halali kwa treni iliyoandikwa peke yake. Nauli za kawaida za nchi hiyo zingetumaliza.

Sisemi pasi haina maana. Mtu aliye chini ya miaka 28, atakayepanda treni karibu kila siku katika nchi zisizodai nafasi, tena anayetaka uhuru wa kubadilisha mawazo asubuhi ile ile, ataifaidi, na Uswisi pekee inaweza kuirudisha sehemu kubwa ya bei yake. Ninachokataa ni kuiuza kwa kila mtu kama tiketi ya wenye fedha kidogo, hata kwa wanaokwenda Paris, Barcelona na Roma mwezi wa Julai.

Anayehitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, aingize hesabuni pia euro 90 za ombi kwa mtu mzima, ambazo ndizo zinazotozwa tangu Juni 2024, na bima ya matibabu ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Akipanga kwenda London katikati ya safari, aombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu Uingereza haimo Schengen na kurudi Paris ni kuingia upya. Pasipoti ikae karibu hata kati ya nchi za Schengen zenyewe: Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na polisi hupanda behewani.

Ninachokuomba, Mhariri, ni kwamba makala ya aina hii ikichapishwa tena, bei ya pasi iandikwe pamoja na ada za nafasi za kila nchi inayotajwa, na hesabu ifanywe kwa watu wawili hadi mwisho, ili msomaji aone jumla kabla hajatoa fedha zake. Sisi tumeanza kuweka akiba kwa ajili ya reli ya Belgrade, Serbia, hadi Bar, Montenegro, kilomita 476 zilizofunguliwa mwaka 1976, na daftari jipya mwenzangu ameshalinunua.

Msomaji wako wa siku nyingi